Kofia Kumi na Tisa

Arusha,
3 Februari 2025

Dada Esteria,

Habari za siku nyingi. Najua namba yangu umeifungia kwenye simu yako tangu tulipogombana mwaka juzi, na umetangaza kwamba mwenye shida na wewe aandike. Basi naandika, ingawa mtu wa cheo changu kuzunguka mjini akitafuta bahasha ni kituko.

Niende kwenye jambo lenyewe. Kama ulivyosikia, au pengine hukusikia kwa kuwa Mpanda habari hufika zikiwa zimeshachacha, mwaka huu nimeteuliwa kuwa kocha mkuu wa timu ya raga ya wasichana. Tarehe 7 Aprili tunafungua kambi hapa Arusha. Wasichana ishirini na wanne tu, nchi nzima. Watakaoingia kambini mfadhili atawasomesha kidato cha tano na cha sita bure, kila kitu, mpaka sabuni. Nafasi moja nimeiandikia jina la mwanao Agape. Usidhani ni upendeleo wa mjomba. Krismasi ile nilipokuja na mpira nilimwona kwenye uwanja wa shule ya msingi, amekumbatia mpira anakimbia, wavulana watatu wamemning'inia na hakuanguka. Nimefundisha miaka minne, sijaona msichana mwenye nguvu za namna ile.

Ninachohitaji ni ridhaa ya nyumbani, saini moja, kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Najua nyie huko mna mipango yenu mikubwa ya kumfungia mtoto nyuma ya cherehani sokoni, apinde suruali za walimu mpaka azeeke. Nakuomba kwa mara moja maishani uwaze mbali kuliko mtaa wa Shanwe.

Barua hii msomeeni na baba. Mwambieni mwanawe aliyechezea nchi, mwenye kofia kumi na tisa za taifa, ndiye anayemwita mjukuu wake.

Kocha Mkuu Mwandu Makoye


Nsemulwa, Mpanda
14 Februari 2025

Wewe Mwandu,

Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi. Hilo neno "Kocha Mkuu" uliloandika kubwa kule chini nilidhani ni tangazo la mkutano wa hadhara.

Ngoja nikukumbushe hiyo kazi yako, maana wewe huwa unaisimulia kuanzia katikati. Baba aliuza madume manne ili ukasome Arusha uje kuwa bwana mifugo. Likizo ya kwanza ulirudi na mpira uliorefuka kama papai, ukatuambia kwamba katika mchezo huo watu wanakimbilia mbele lakini mpira wanautupa nyuma. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Bwana mifugo hukuwa. Ulichezea nchi miaka kumi na moja, ukatoka na goti linalolia ukipanda ngazi, na meno mawili ya mbele ukayaacha Nairobi. Mama alipofariki ulikuwa Kampala kwenye mechi. Tulikusubiri siku mbili kwenye jua la Oktoba, halafu ukatuma ujumbe kwamba mmeshinda. Hilo sijakusamehe, na nalisema wazi ili usije ukatafuta maana nyingine.

Sasa unamtaka na mtoto wangu. Jibu langu ni hapana.

Lakini kwetu unajua jibu langu halitoshi. Baba yake Agape hakutoa hata ng'ombe mmoja, alirudi zake Tunduma na lori lake, na mtoto ambaye hakutolewa ng'ombe ni wa babu yake. Anatumia jina la Makoye, anakula kwa Makoye. Kwa hiyo nikamwachia Agape amsomee baba barua yako, kwa vile macho ya baba hayaoni tena maandishi, na nilikuwa na uhakika atakutukana vizuri kuliko mimi.

Hakutukana. Alimsimamisha Agape kwenye neno kofia, akamwambia arudie hapo. Akauliza, "Kumi na tisa?" Hujasahau kwamba baba alikuwa mgambo, akapelekwa vitani Uganda, na kitu pekee alichorudi nacho ni kofia. Iko kwenye sanduku, pamoja na hati ya kiwanja. Akasema, "Nchi haigawi kofia ovyo. Mimi nilipewa moja na nilikuwa nimekaribia kufa. Huyu amepewa kumi na tisa na miaka yote hajasema?" Siku ya mnada akaenda kuwatangazia wenzake. Mzee Onesphore, ambaye hajawahi kumsogezea mtu kiti tangu tumjue, alimpisha akae.

Sasa amesema hivi. Umletee kofia moja tu aishike kwa mkono wake. Akiishika atajua mchezo wako ni kazi ya nchi, na Agape ataondoka. Isipokuja, mtoto habanduki hapa.

Haya, mtu wa kofia. Tuma.

Esteria Makoye
Fundi Mkuu wa Cherehani


Arusha,
26 Februari 2025

Dada,

Barua hii usimsomee baba, wala Agape asiione. Nimesoma yako nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha.

Kofia ni namna ya kuhesabu. Ukichezea taifa mechi moja, wanasema una kofia moja. Mechi kumi na tisa, kofia kumi na tisa. Zamani huko Ulaya wachezaji walishonewa kofia kweli, na kwenye nchi zenye uwezo mpaka leo wanashonewa. Kwetu yamebaki maneno. Hakuna kofia, Esteria. Hata jezi tulikuwa tunairudisha baada ya mechi, ikafuliwe wavae wengine. Mtu yeyote aliyetembea angeelewa, lakini nyie huko mtu akisema amepanda cheo mtamuuliza alipanda kwa ngazi gani.

Na kwa kuwa umeamua kuisimulia kazi yangu, isimulie yote. Mwaka 2014, katika mechi yangu ya nane, goti lilifyatuka dakika ya kumi. Nikasikia limetoa mlio. Kocha akaja, akaniangalia bila hata kuinama, akasema, "Hujaumia, simama." Nikasimama. Nikacheza dakika sabini kwa goti lililochanika, na daktari alipoliona jioni alijishika kichwa. Hiyo ndiyo kazi yangu, na nyie mnaokaa mkipepea mkaa hamtaijua. Mpaka leo wasichana wangu nawaambia maneno yaleyale. Hujaumia, simama. Na wanasimama.

Nina miaka thelathini na minane. Kwa goti hili hakuna atakayenipa jembe wala mzigo. Ninachokijua ni kufundisha, na nisipotoa timu ya maana mwaka huu wataniondoa. Agape ni mchezaji, dada, nakuapia. Mwambie baba chochote. Mwambie kofia zimefungiwa kabatini ofisini na mwenye funguo amesafiri.

Kocha Mwandu


Nsemulwa,
9 Machi 2025

Mwandu,

Kumbe hata kofia hazipo.

Nimekaa na maneno hayo siku nzima pale sokoni, mpaka suruali ya mteja nikaipinda mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Tangu barua yako ya kwanza nimekudharau kwa kulipwa kofia. Nilikuwa nakusifu bila kujua. Hata mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, mwaka ukiisha anapewa ndama. Wewe umeichunga nchi miaka kumi na moja, na nguo uliyovaa wakakuvua ikafuliwe.

Na hilo la goti usije kunipigia kifua. Mtu amechanika, anaambiwa hajachanika, naye anakubali. Sisi tusiotembea huyo tunamwita mjinga.

Lakini nisikilize, maana hapa sasa siandiki kwa ajili yako. Agape anaamka alfajiri na kukimbia mpaka Shanwe na kurudi kabla sijakoka moto. Mgongoni amejifunga mfuko wa mchanga, na mfuko wenyewe ni ule niliokuwa nawekea unga. Nilimwambia sitaki, akaniitikia vizuri sana, kesho yake akakimbia tena. Juzi ameshona mikono ya blauzi tatu bila kosa hata moja, huku machozi yanamtoka. Hakusema analia nini na mimi sikuuliza. Cherehani anaijua kuliko nilivyoijua mimi katika umri wake. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikimbakiza atabaki, atafanya kazi nzuri, na hatanipenda tena. Nimeogopa, Mwandu. Kwa hiyo hapana yangu nimeiondoa. Imebaki ya baba.

Mwandikie mwenyewe. Mweleze kofia ni nini, kwa heshima, kama ulivyonieleza mimi ukitoa yale matusi. Atakasirika. Atakutukana kwa Kisukuma siku mbili, ng'ombe wote watakujua jina. Halafu atakaa afikiri, namjua baba. Ila usimletee hadithi ya kabati na funguo. Yule amewahi kuviziwa na watu wenye bunduki, hutamweza kwa kabati.

Jambo jingine. Ile barua yako uliyosema Agape asiione, ameiona. Niliiacha kwenye droo ya cherehani, alikuwa anatafuta sindano. Akaisoma, akairudisha, akaniomba sindano.

Esteria


Arusha,
19 Machi 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Makoye,

Shikamoo baba. Mimi mwanao ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu na mifugo.

Baba, kwa muda mrefu sikukuonyesha heshima niliyopewa na taifa letu. Nilikaa kimya kwa unyenyekevu, maana wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mwanaume hajisifu. Leo nimeona haya kuendelea kukuficha. Kofia hii nilivalishwa mwaka 2014, baada ya kuwashinda majirani zetu, mbele ya wakubwa na bendi ikipiga. Wakati wananivalisha nilikukumbuka wewe na vita yako. Nilijisemea moyoni kwamba kofia hii ni ya Mzee Makoye. Zile kumi na nane zimehifadhiwa mahali salama.

Naomba uishike. Na ukiisha kuishika, umpe baraka mjukuu wako aje kambini, apate na yeye za kwake.

Mwanao mtiifu,
Kocha Mkuu Mwandu Makoye

(Kikaratasi ndani ya bahasha hiyohiyo:)

Agape, hii ya babu isome yote, bila kusita. Unajua kwa nini. Mjomba.


Nsemulwa,
25 Machi 2025

Mwandu,

Kofia ilifika Jumamosi. Ya buluu, twiga wa uzi wa njano, kishada juu. Niliishika kabla ya baba.

Mimi ni fundi. Ulidhani nitaona nini? Uzi bado unang'aa wa dukani, na kwa ndani chaki ya kupimia haijafutika. Kofia ya mwaka 2014 yenye chaki! Nikaipangusa kwa kidole. Ndiyo, niliipangusa mimi, nikanyamaza. Siku zote nakuita mwongo, na mara ya kwanza uongo wako uliponifaa niliupokea kwa mikono miwili. Najidharau kwa hilo, na wewe nakudharau zaidi kwa kunifikisha hapo.

Baba alivaa koti lake la kanisani. Alikuwa amewaita Mzee Onesphore na katekista Kalisti wawe mashahidi. Akaiweka kofia mapajani, akaipapasa ukingo wote kwa vidole, hakuivaa. Akamwambia Agape asome.

Akasoma shikamoo. Akasoma unyenyekevu wako, kwa sauti nzuri kabisa ya darasani. Alipofika kwenye "kofia hii nilivalishwa" akanyamaza.

Baba akamgeuzia sikio. Kisha akauliza, "Umekwama? Ni neno gumu?"

"Hapana, babu."

"Sasa hapo pameandikwa nini?"

Agape akanitazama. Nami nikamkazia macho asome. Mimi mama yake, Mwandu, nilimkazia macho asome. Akaikunja barua akasema, "Pameandikwa uongo, babu. Mjomba hana kofia. Hakuna mtu aliyempa. Hii imeshonwa juzi ili mimi niende."

Onesphore alikohoa. Kalisti akawa anaangalia paa. Baba aliichukua kofia akaiweka kwenye kiti cha pembeni polepole, akawashukuru mashahidi kwa kupoteza muda wao, akawasindikiza mpaka barabarani. Mzee aliyepishwa kiti mnadani! Nilitamani ardhi inimeze, na wewe inimezee kwanza. Aliporudi akamwambia Agape alete barua zako zote, naye akaleta hata ile ya kwenye droo. Akasomewa mchana kutwa. Ile ya goti alitaka isomwe mara mbili.

Agape amevua ule mfuko wa mchanga, amemwaga mchanga, ameufua, amenirudishia. Anajua alichokitupa. Hajalia safari hii, na bora angelia.

Kile kikaratasi ulichomwandikia nimekichoma. Kimenichefua kuliko kofia. Kwenye kofia ulikuwa unamdanganya mzee. Kwenye kikaratasi ulikuwa unafundisha.

Baba anasema atakujibu mwenyewe. Sikukuombea.

Esteria


Nsemulwa,
26 Machi 2025

Bebe, wewe Mwandu,

Anaandika Agape. Ninavyosema ndivyo anavyoandika, nimemwambia asipambe.

Kofia yako inarudi na basi. Kichwa changu hakijaiingia. Ungeniambia baba, hakuna kofia, kuna mechi kumi na tisa na goti bovu, ningekuita uje nilione hilo goti. Ningelishika kwa mikono yangu, na ningekwenda kuwaambia watu mnadani mwanangu ana goti. Wewe ukaona baba yako ni mtu wa kuzibwa macho kwa kitambaa. Nimezeeka macho tu.

Agape aende. Huyu alijua kwamba akisema kweli anaikosa safari, na akasema. Mtu wa hivyo nikimtoa kwa nchi sioni haya.

Lakini wewe hutamfundisha. Nimesomewa kwamba ulichanika ukaambiwa hujaumia, na sasa wewe unawaambia watoto wa watu hujaumia, na unajisifu kwa dada yako. Vitani tulikuwa na mkubwa mmoja wa namna hiyo. Vijana walikuwa wanamwambia afande siwezi, anasema unaweza. Tuliwazika. Siku Agape akivunjika nataka aliye karibu naye amwambie umevunjika, lala, usitikisike. Wewe huwezi, kwa sababu mbele ya macho yangu umesema kitu kisichokuwepo kipo. Kesho utasema kilichopo hakipo.

Kama kocha ni wewe, mtoto anabaki hapa anashona. Kama kocha ni mwingine, anakuja. Chagua, unijibu upesi.

Umeniaibisha mbele ya Onesphore. Hilo ni dogo, nitazikwa nalo.

Makoye Mwandu
(alama ya dole gumba)

Babu amekwenda zizini. Mjomba, hilo la kocha nimemwomba sana alibadilishe, amekataa. Na mimi kile kikaratasi sikutaka kukukaidi. Nilianza kusoma kabisa. Agape.


Arusha,
1 Aprili 2025

Dada Esteria,

Hii msomee baba. Asome Agape, na pasirukwe kitu.

Jana nimeandika barua ya kuacha timu. Kiongozi wa chama cha raga aliniuliza kama nimepata kazi mahali, nikasema sijapata. Akauliza kama naumwa, nikasema siumwi. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili, akagonga muhuri. Timu ameichukua Fausta, aliyekuwa msaidizi wangu. Huyu nilikuwa namdharau waziwazi, kwa sababu msichana akishika mguu tu yeye anasimamisha mazoezi na kuita daktari. Niliwahi kumwambia mbele ya timu nzima kwamba anaendesha kitchen party. Nilipomkabidhi filimbi alisema ahsante kocha, basi. Ningefurahi kama angenicheka.

Msidhani nimefanya hivi kwa moyo mweupe. Ilipofika barua ya baba nilimtukana humu chumbani siku tatu. Nilisema mchunga ng'ombe wa Nsemulwa hawezi kunifukuza kazi aliyoshindwa hata kuielewa. Nilipanga nimjibu kwamba Agape atakuja na mimi nitafundisha, apende asipende. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima.

Ndipo nikamkumbuka Libérate, msichana wa Kigoma. Mwaka jana alianguka mazoezini akashika nyonga. Nilimwambia hujaumia, simama. Akasimama, kwa sababu ni mimi niliyesema. Leo anatembea upande. Yuko kwao, hajarudi shule. Mwaka mzima sikuwahi kumwandikia hata mstari mmoja, na kwenye ripoti niliandika kwamba aliacha mwenyewe. Ule ukurasa niliouandika kwa baba nimeuchana. Libérate nimemwandikia jana, na ripoti nimeiandika upya.

Agape apande basi la Ijumaa. Aje na sweta mbili, mwezi huu Arusha ni baridi na mvua, na viatu asinunue huko, vitakuwa vya mpira wa miguu. Fausta atampokea stendi. Ni mfupi, ana kovu kidevuni, hacheki ovyo. Akimwambia mtu kaa nje, hakuna wa kumbishia, hata angekuwa anatoka kwa waziri. Mimi sitakuwepo stendi. Chumba hiki kodi yake inaisha mwezi huu na bado sijajua naelekea wapi. Msinihurumie kwa hilo, hasa wewe, dada, utaharibu mazoea.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba huko kambini, watakapoona jina la Makoye na kumuuliza ana undugu gani na mimi, aseme hana. Nimefuta. Hawezi kusema hivyo, na mimi nimeona aibu kumwomba tena. Akiulizwa, aseme ni mjomba wake. Na wakimuuliza kwa nini mjomba wake aliacha timu wiki moja kabla ya kambi, awaambie.

Mwandu